Kufungua ni Kuwasha au Kuzima? Istilahi za Kitenganishi cha Umeme na Uchoraji wa Ramani za Vituo Vidogo

IKISIRI

Makala haya yanachunguza tatizo la istilahi linalomkabili mtumiaji wa Kiswahili anapotaka kutambua, kutaja na kuchora katika ramani vifaa vya kukatia na kutenganishia umeme vilivyomo katika vituo vidogo vya umeme. Tunadai kwamba neno moja, swichi, limebebeshwa dhana tatu zisizolingana, na kwamba vitenzi kufunga na kufungua hutoa maana zinazopingana katika mazungumzo ya nyumbani na katika ufundi. Baada ya kueleza kazi ya kila kifaa, tunapendekeza istilahi, kisha tunaonyesha namna ya kukitambua kitenganishi katika picha ya angani na kukiweka kwenye ramani.

1.0 Utangulizi

Mijadala ya istilahi za Kiswahili imejikita kwa muda mrefu katika isimu, fasihi, sheria na tarakilishi. Uhandisi wa umeme umeguswa kwa uchache, ingawa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 iliweka msingi kwa dhana za jumla za kifizikia. Msingi huo unatosha darasani. Hautoshi kwa fundi aliyesimama mbele ya vyuma vyenye umeme wa kilovolti 132, wala kwa mchoraji ramani anayetaka kusema ni chuma kipi kinafanya kazi ipi.

Haja hii ina sababu mbili. Kwanza, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi haichagui nyanja. Inatarajiwa kuhimili hata maagizo ya usalama kazini. Pili, uchoraji wa ramani huria umeenea. Mradi wa OpenStreetMap, ulioanzishwa nchini Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, humruhusu mtu yeyote kuchora barabara, zahanati, mito na hata mitandao ya umeme. Hata hivyo, lebo zake huandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeshiriki hulazimika kwanza kuielewa dhana, kisha kuitafutia jina katika lugha yake ili aweze kumfundisha mwenzake.

2.0 Vifaa vitatu, jina moja

Kituo kidogo cha umeme, ambacho ndugu zetu wa Tanzania hukiita kituo cha kupoza umeme, ni mahali ambapo msongo wa umeme hupandishwa au kushushwa na ambapo njia kadhaa za umeme hukutana. Nchini Kenya njia za usafirishaji ni pamoja na za kilovolti 132, 220 na 400, nazo njia za usambazaji huwa za kilovolti 66, 33 na 11. Ndani ya ua wa kituo mna transfoma, nguzo za chuma, vihami vya kauri, na pau ndefu za chuma zinazokusanya na kugawa umeme, ambazo hapa tutaziita pau kuu. Kati ya pau kuu na kila njia inayotoka mna msururu wa vifaa. Vitatu kati yake huitwa swichi katika mazungumzo ya kawaida.

Kifaa cha kwanza ndicho chenye nguvu. Kazi yake ni kuukata mkondo unaopita, hata ule mkubwa mno unaotokea waya unapoanguka au radi inapopiga. Mkondo kama huo waweza kufikia maelfu mengi ya ampea. Kifaa hiki huzitenganisha ncha zake ndani ya chumba kilichofungwa chenye gesi, mafuta au ombwe, na moto unaozuka baina ya ncha hizo huzimwa humo humo. Kazi yote huchukua muda ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Relei ndiyo hukiamuru. Binadamu hangeweza kuwahi.

Kifaa cha pili ndicho kiini cha makala haya. Hiki hakina chumba cha kuzimia moto. Ni mkono wa chuma ulio wazi hewani, unaogeuka au kuinuka polepole na kuacha mwanya. Thamani yake ni mwanya huo, ambao mtu aliyesimama chini anauona kwa macho yake. Ncha za kifaa cha kwanza zimefichika, na anayekitazama hana budi kuamini kidole kinachoonyesha hali yake. Kidole hicho chaweza kukwama. Mwanya wa kifaa cha pili hauhitaji kuaminiwa, kwa kuwa unaonekana. Ndiyo maana fundi hakubali kupanda juu ya njia ya umeme kwa kutegemea kifaa cha kwanza pekee.

Hata hivyo, kifaa hiki cha pili hakikuundwa kukata mkondo wa kazi. Ukikitenga wakati umeme mwingi unapita, hewa iliyo kati ya ncha zake hugeuka kuwa njia ya umeme, na moto mweupe wa tao huruka kwa mita kadhaa, ukiyeyusha chuma na kumfikia aliye karibu. Kipo kiasi kidogo kinachovumiliwa, mathalani mkondo mdogo wa kipande kifupi cha upau usio na mzigo, lakini kanuni ya jumla inabaki palepale: kwanza mkondo ukatwe, ndipo njia itengwe.

Kifaa cha tatu huunganisha njia iliyokwisha kutengwa na ardhi, ili umeme wowote uliosalia, au utakaorudi kwa makosa, ukimbilie ardhini badala ya kupita mwilini mwa fundi. Mara nyingi hufungwa kwenye fremu moja na kifaa cha pili, na vyuma vya kuzuiliana huhakikisha kwamba viwili hivyo haviungani kwa wakati mmoja.

Wahandisi wenyewe hawavichanganyi vifaa hivi. Viwango vya kimataifa vya IEC vimevitenga: nambari 62271-100 inahusu kifaa cha kwanza, na 62271-102 inahusu cha pili na cha tatu. Katika utaratibu wa kuvipa vifaa alama za herufi, cha kwanza hupewa QA, cha pili QB na cha tatu QC. Katika utaratibu wa Kimarekani wa nambari, cha kwanza ni 52 na cha pili ni 89. Sisi tulionao tu neno swichi ndio tuliobaki na jina moja kwa vitu vitatu.

3.0 Utata wa kufunga na kufungua

Tatizo la nomino ni dogo likilinganishwa na la vitenzi. Msomaji na atafakari sentensi hizi mbili:

(a) Fungua redio tusikilize habari.
(b) Fungua swichi ya njia ya pili.

Katika (a), kufungua ni kuruhusu umeme upite. Msemaji anafikiria mfereji: ukiufungua, maji hutoka, ukiufunga, maji hukoma. Sitiari hii imekolea katika Kiswahili, na ndiyo inayotufanya tuseme kufungulia maji na kufungulia muziki. Katika (b), iwapo msemaji ni mhandisi aliyefunzwa kwa Kiingereza na sasa anatafsiri sisisi, kufungua ni kinyume kabisa: ni kuacha mwanya ili umeme usipite. Sitiari yake si ya mfereji bali ya daraja linaloinuliwa. Daraja likiwa wazi, hakuna apitaye.

Kisarufi, jozi ya funga na fungua ni mfano wa kauli ya kutendua, ambapo kiambishi hugeuza tendo la mzizi. Kauli hii huwa thabiti pale tu wazungumzaji wanapokubaliana tendo la mwanzo ni lipi. Hapa hawakubaliani. Kwa mmoja tendo la mwanzo ni kuziba njia ya umeme. Kwa mwingine ni kuzikutanisha ncha. Matokeo ni kwamba agizo moja, lililotamkwa kwa sarufi safi, laweza kutekelezwa kwa namna mbili, na mojawapo yaweza kuua.

Wako wataosema kwamba muktadha utaondoa utata. Hoja hii ina uzito katika fasihi, ambako msomaji ana nafasi ya kurudia ukurasa. Fundi anayepokea agizo kwa simu ya upepo, transfoma ikivuma kando yake, hana nafasi hiyo. Istilahi ya usalama sharti ieleweke bila kutegemea muktadha.

Kitenzi kukata nacho kina mzigo wake. Mkenya akisema stima imekatwa, aghalabu ana maana kwamba kampuni imemwondolea huduma kwa sababu hajalipa. Umeme ukitoweka wenyewe, husema stima imepotea. Hata hivyo, maana hizi hazipingani na matumizi ya kiufundi. Katika zote, kukata ni kukomesha umeme uliokuwa ukipita. Kwa hiyo kitenzi hiki kinafaa kifaa cha kwanza.

4.0 Mapendekezo ya istilahi

Katika kuteua istilahi, wataalamu wa Kiswahili wamezoea vigezo ambavyo Kiingi alivikusanya kwa jina la PEGITOSKA. Kwa haja yetu tunatilia mkazo vinne: usahihi, uangavu, uzalishi na ukubalifu. Tunaongeza kimoja kinachotokana na nyanja yenyewe, nacho ni kutofautiana kimatamshi: istilahi mbili zenye maana zinazopingana zisifanane kwa sauti.

Kwa kifaa cha kwanza tunapendekeza kikata mkondo. Jina linataja kazi na kitu kinachotendwa. Vitenzi vyake viwe kukata mkondo na kurudisha mkondo.

Kwa kifaa cha pili, umbo la kwanza linalojitokeza ni kitenga, kutokana na kutenga. Ni fupi, lakini lina kasoro mbili. Linatofautiana na kitengo kwa irabu moja tu, na kitengo ni neno la kila siku ofisini. Mtu akisoma kwamba kitenga cha pili kimefungwa atadhani kuna idara iliyovunjwa. Isitoshe, tenga ni pakacha la kubebea samaki au matunda, na kitenga ni tenga dogo. Tunapendekeza kitenganishi. Neno ni refu zaidi, lakini linafuata ruwaza inayofahamika na kila mwanafunzi wa sarufi kupitia kiunganishi, kiwakilishi na kielezi.

Kwa vitenzi vyake, mtu angetarajia jozi ya tenganisha na unganisha. Hapa kigezo cha matamshi kinatuzuia. Maneno haya yana mwisho mmoja, na hutofautiana mwanzoni tu, mahali ambapo simu ya upepo hupenda kumeza sauti. Atakayesikia “...nganisha” hatajua aliloamriwa. Tunapendekeza tenga kwa upande mmoja na unganisha kwa upande wa pili. Idadi ya silabi, mkazo na irabu zake vinatofautiana, na hata nusu ya neno ikipotea, nusu iliyobaki inatambulika.

Kwa kifaa cha tatu tunapendekeza kiunga-ardhi. Vitenzi vyake ni kuweka ardhini na kuondoa ardhini.

Ubora wa istilahi hizi unaweza kupimwa kwa kuandika utaratibu wa kuizima njia ya umeme kwa ajili ya matengenezo:

(i) Kata mkondo kwa kikata mkondo cha njia.
(ii) Hakikisha kwa kipimo kwamba mkondo umekwisha.
(iii) Tenga kitenganishi cha upande wa njia, kisha cha upande wa upau mkuu.
(iv) Funga vitenganishi kwa kufuli na utundike kibao cha onyo.
(v) Pima kuthibitisha kwamba njia haina umeme.
(vi) Weka njia ardhini kwa kiunga-ardhi.

Kurejesha njia ni kuupindua utaratibu huo: njia huondolewa ardhini, makufuli hutolewa, vitenganishi huunganishwa, na kikata mkondo huwa cha mwisho kurudisha mkondo. Msomaji atagundua kwamba katika hatua zote kitenzi funga kimebaki na maana moja tu, ile ya kufuli, na fungua halikuhitajika hata mara moja.

5.0 Kukitambua kitenganishi katika picha

Ramani huria huchorwa zaidi kutokana na picha za setilaiti au za ndege. Picha ya aina hiyo humwonyesha mchoraji kituo kutoka juu, na vifaa huonekana kama nukta na vivuli. Yapo mambo manne yanayosaidia.

La kwanza ni hesabu ya tatu. Umeme husafirishwa kwa fezi tatu, kwa hiyo kifaa kimoja huonekana kama vitu vitatu vinavyofanana, vimepangwa katika mstari unaokatiza safu ya vifaa. Kitu kilicho peke yake aghalabu si kitenganishi.

La pili ni nafasi katika safu. Ukitoka kwenye upau mkuu kuelekea kwenye njia, kwa kawaida utakutana na kitenganishi, kikata mkondo, kipimo cha mkondo, kitenganishi kingine, kisha njia yenyewe. Kikata mkondo huwa kimekingwa kwa kitenganishi kila upande ili kiweze kutengenezwa. Palipo na pau kuu mbili, kila safu huwa na vitenganishi viwili vya upande wa pau, kimoja kwa kila upau. Mchoraji aliyekwisha kutambua kikata mkondo ana mahali pa kuanzia kutafuta vitenganishi.

La tatu ni umbo. Kiko kitenganishi chenye vihami viwili, kila kimoja kikibeba nusu ya mkono, na nusu hizo hukutana katikati. Kiko chenye vihami vitatu, ambapo cha kati huzunguka na mkono wake hugusa vya pembeni. Kiko ambacho mkono wake huinuka kwenda juu. Kiko pia kinachosimama chini ya upau mkuu na kunyoosha mikono yake kama mkasi hadi kuugusa. Hiki hujificha chini ya upau na kuonekana kama nukta tu.

La nne ni kivuli. Setilaiti nyingi za picha hupita mnamo saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa bado upande wa mashariki, kwa hiyo vivuli huangukia upande wa magharibi. Karibu na ikweta vivuli hivyo si virefu, lakini mara nyingi hutosha kuonyesha kimo na umbo ambalo picha ya juu imelificha. Mkono ulioinuliwa, kwa mfano, hauonekani kwa juu ila kama nukta, ilhali kivuli chake ni mstari.

6.0 Kukiweka katika ramani

Katika OpenStreetMap, ua wa kituo huchorwa kama eneo, na pau kuu na safu huchorwa kama mistari. Nyaya tatu za fezi za njia moja huwakilishwa na mstari mmoja. Kwa sababu hiyo, mikono mitatu ya kitenganishi huwekwa kama nodi moja juu ya mstari huo, si nodi tatu. Nodi hupewa lebo ya jumla ya swichi za umeme, kisha lebo ya pili inayotaja aina. Hapo ndipo maarifa ya sehemu ya pili ya makala haya yanapohitajika. Mchoraji asiyeweza kutofautisha kikata mkondo na kitenganishi na aishie kwenye lebo ya jumla. Taarifa pungufu yaweza kukamilishwa na mwingine. Taarifa potofu hupotosha kila anayeinakili.

Jambo la pili ni hali ya kifaa. Kitenganishi kilichoonekana kimetengwa katika picha ya mwaka jana huenda kiliunganishwa dakika kumi baada ya setilaiti kupita. Ramani huonyesha kwamba kifaa kipo, ni cha aina gani na kiko wapi. Haionyeshi iwapo umeme unapita sasa hivi. Kwa lugha ya semiotiki, nodi ni kiashiria cha kifaa, si cha tendo. Kwa hiyo ramani huria haiwezi katu kuchukua nafasi ya mchoro rasmi wa kituo wala kibali cha kazi cha fundi. Manufaa yake ni mengine: kumfundisha mwanafunzi muundo wa mtandao, kumsaidia mtafiti kukadiria njia mbadala za umeme, na kumwonyesha mwananchi rasilimali zilizo karibu naye.

Jambo la tatu ni maadili. Ua wa kituo haungiliwi bila idhini, na umeme wa msongo mkubwa waweza kumrukia mtu ambaye hajaugusa waya. Mchoraji na atumie picha zilizoruhusiwa na mradi, pamoja na yale yaonekanayo kutoka barabara ya umma. Akiwa na shaka, aache.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kifaa kimoja cha chuma kinaweza kufichua udhaifu katika msamiati na katika matumizi ya vitenzi. Udhaifu huo si wa Kiswahili kama lugha. Mnyambuliko wake umetupatia kikata mkondo, kitenganishi na kiunga-ardhi bila kukopa neno jipya. Udhaifu ni wa kuchelewa kukubaliana. Istilahi zilizopendekezwa hapa zinahitaji kupelekwa kwa mafundi wenyewe, wazisikie simuni, wazikosoe na kuzirekebisha, kwa maana ukubalifu hauamuliwi na makala. Lililo la dharura ni kuliondoa agizo la fungua swichi katika lugha ya kazi hadi pale kila anayelisikia atakapolielewa kwa maana moja.

Maswali ya mjadala

1. Taja jozi nyingine za kauli ya kutendua ambazo maana yake hubadilika kutoka nyanja moja hadi nyingine. Eleza chanzo cha mabadiliko hayo.
2. Linganisha istilahi kitenganishi na umbo la mkopo lililotoholewa kutoka Kiingereza. Ni lipi lingekubalika haraka miongoni mwa mafundi, na kwa nini?
3. Safu moja iliyounganishwa na pau kuu mbili ina kikata mkondo kimoja na kitenganishi kimoja cha upande wa njia. Mchoraji ameweka nodi mbili tu za vitenganishi. Je, ni ipi aliyoiacha, na angeitafuta wapi?
4. Andika upya kwa Kiswahili agizo lolote la usalama kazini unalolifahamu, ukizingatia kigezo cha kutofautiana kimatamshi.